Darasa la Kioo na Haki ya Mwanachuo

Wakubwa wa vyuo vyetu wamepata chombo kipya, na chombo kipya aghalabu husifiwa kabla hakijapimwa kazini. Chombo hicho ni darasa la video. Mhadhiri huketi katika kampasi moja mbele ya kamera, na wanachuo wa shahada ya uzamili walio katika kampasi nyingine tatu au nne humwona na kumsikia katika kioo, kila kundi katika chumba chake. Inasemwa kwamba kwa njia hii umbali umekufa, gharama zimepungua na elimu imesawazishwa. Mimi nimesomesha fasihi ya Kiswahili katika darasa la namna hiyo kwa miaka kadhaa. Nathubutu kusema kwamba umbali haukufa. Umeondolewa barabarani ukawekwa ndani ya darasa. Gharama hazikupungua, zimetwishwa mabega mengine. Na elimu haikusawazishwa. Imegawanywa mafungu mawili, fungu la wasemao na fungu la wasikilizao.

Sipendi nidhaniwe kuwa adui wa mashine. Mtu anayelaani jembe kwa sababu halikulima lenyewe ni mjinga, na anayelisujudia kwa sababu lina makali ni mjinga pia. Neno langu si juu ya chombo, bali juu ya matumizi yake, na juu ya wale wanaojificha nyuma yake.

Umbali si jambo geni kwa wanachuoni wa Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikusanya watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa kwa barua na kwa miswada iliyopelekwa huku na huku. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu mwaka 1963 hadi 1970, kilikuwa na viungo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Safari ilikuwa ghali, na kila nchi ilitamani chuo chake, hata muungano ule ukavunjika. Lakini mwanachuo aliyefika alifika mzima: macho, masikio, ubishi na njaa yake. Hakufika kama picha.

Baadaye kilikuja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo hicho kilisomesha watu walio mbali, lakini hakikumwambia mtu kuwa yumo darasani ilhali yuko nyumbani kwake. Kilikiri umbali, kikauwekea vitabu na vituo vya mikoani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi ulioitwa African Virtual University, ambao ulirusha masomo kwa satelaiti kutoka vyuo vya nchi za mbali hadi vyumba vya vyuo vya Afrika. Satelaiti za namna ile hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia. Swali likipita njia hiyo hupanda na kushuka, na jibu vilevile, na katika mwendo huo wa kilomita 144,000 hupita karibu nusu ya sekunde. Nusu ya sekunde ni kitu kidogo kwa anayetoa hotuba. Kwa watu wanaobishana ni ukuta.

Mikongo ya baharini ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 ukuta huo ulipungua kimo. Kisha likaja janga la korona. Vyuo vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni, na katika nchi jirani vilifungwa kwa muda mrefu zaidi. Wakati ule kusomesha kwa video kulikuwa mlango pekee uliobaki wazi, na aliyeupita hakufanya kosa. Kosa limefanywa baada ya hapo. Dawa ya dharura imefanywa chakula cha kila siku, na mgonjwa aliyepona bado anaandikiwa vidonge.

Hoja yangu ya kwanza ni juu ya maana ya masomo ya uzamili yenyewe. Kama kazi ya darasa hilo ingekuwa kumimina maneno kutoka mdomo wa mmoja hadi masikio ya wengi, kioo kingetosha, na hata redio ingetosha. Lakini mwanachuo wa uzamili haji kujazwa kama mtungi. Huja kujifunza kubisha kwa adabu, kutetea neno lake, kuliacha likishindwa, na kukubali kutolewa kosa bila ya kuona kwamba ametolewa utu. Kazi hiyo hufanyika katika nafasi ndogo zilizo baina ya maneno. Mmoja hukunja uso, mwingine huvuta pumzi akitaka kusema, wa tatu hutabasamu kwa shaka, na mwalimu mwenye macho hujua kwamba hapo pana swali. Programu ya mkutano wa video haina subira na mambo hayo. Watu wawili wakisema pamoja, huinua sauti moja na kuizamisha ya pili. Anayetaka kusema hana budi kubonyeza alama ya mkono na kungoja aitwe. Na akiitwa, mazungumzo yamekwisha kupita mahali pa swali lake.

Wazee walisema macho hayana pazia. Macho ya kioo yana pazia zito. Mwanachuo hufunga kamera yake ili bando lisimwishie, au ili picha isigande, na mara nyingine ili asionekane chumba alimo. Mwalimu hubaki akisomesha majina yaliyoandikwa juu ya miraba myeusi. Katika darasa langu moja walikuwamo wanachuo kumi na wawili: watano pamoja nami, saba katika kampasi tatu za mbali. Siku moja niliweka alama katika karatasi kila mtu aliposema. Upande wa watano ulijaa. Upande wa saba ulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na alama moja katika hizo ilikuwa ya mtu aliyeuliza kama sauti yake inatufikia. Saba hao hawakuwa wapumbavu. Insha zao zilikuwa sawa na za wenzao, na mbili zilikuwa bora kuliko zote. Tulizoea kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Darasa la kioo limetuletea msiba mpya: aliyepo, naye lake halipo.

Hoja ya pili ni juu ya kitu kinachosomeshwa. Wenye kuamua mambo haya hudhani kwamba somo lolote laweza kupita katika waya lolote. Sasa nitaeleza jambo ambalo sijivunii.

Mwanachuo mmoja wa kampasi ya mbali, mwalimu wa sekondari kwa kazi yake, alichagua kueleza darasani nyimbo ambazo wanawake wa kijijini kwao huimba wakitwanga. Dai lake lilikuwa la kishujaa. Alisema kwamba mizani ya nyimbo hizo haihesabiwi kwa silabi, kama tunavyohesabu katika mashairi ya pwani, bali kwa pigo la mchi. Na kwamba mstari unaoonekana mfupi katika karatasi si mfupi, kwa sababu mchi huujaza pale sauti inaponyamaza. Alikuja na kinu kidogo na mchi, na wenzake wawili wa kumwitikia. Aliimba dakika kumi. Sisi tulisikia sauti ya mwanamke ikija na kukatika, na waitikiaji ambao mara walisikika mara hawakusikika. Pigo la mchi hatukulisikia hata mara moja. Alipomaliza aliuliza, "Mwalimu, mchi umesikika huko?" Nilidhani anatania ili kupoza hofu yake. Nilimjibu kwamba wimbo ni mzuri lakini dai halikuthibitishwa, kwa kuwa mistari inapungua mizani na hakuna kinachoonekana kuijaza. Nilimpa alama 6 kati ya 15. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," na mraba wake ukawa mweusi.

Majuma matano baadaye nilikwenda katika kampasi ile kwa basi, kwa kazi nyingine. Nilimwomba aniimbie tena. Aliimba nyuma ya jengo, chini ya mwembe, na kinu kilekile. Nilisikia pigo la kwanza katika nyayo zangu kabla ya masikio yangu, maana ardhi ililipokea. Mstari niliouita pungufu ulitimia mbele yangu. Ndipo nilipokwenda kuuliza mafundi, nikaambiwa jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani: programu ile imetengenezwa kusafisha sauti. Huitafuta sauti ya mtu anayesema, na kila kigongacho, kivumacho au kirudiacho pigo lilelile hukihesabu kuwa kelele, ikakiondoa. Mashine ilikuwa imechagua ushahidi wote wa mwanachuo yule, ukiwa mzima, ikautupa nje kama taka. Mimi nikamhukumu kwa kukosa ushahidi.

Niliisahihisha alama kabla baraza la mitihani halijakaa. Lakini nimejiuliza tangu siku hiyo: ni wangapi niliowahukumu kwa yale niliyoletewa na waya, si kwa yale waliyoyaleta wao? Mwalimu wa hesabu huenda akalala bila ya swali hilo. Mwalimu wa fasihi simulizi hawezi. Ngoma, kofi, kiitikio na kimya cha mtambaji kabla ya kilele cha hadithi yake ndivyo vitabu vya somo letu. Watu walio katika kampasi nne hawawezi kuitikia wimbo mmoja kwa pamoja, kwa kuwa sauti ya kila chumba hufika kwa wakati wake. Watu wa lugha yetu walikariri na kuimba kabla hawajaandika. Sasa tunawasomesha wajukuu wao kwa chombo kisichoweza kubeba kiitikio, tukaiita kazi hiyo maendeleo ya Kiswahili.

Haki inanilazimu kusema na la upande wa pili. Muswada wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukiwekwa chini ya kamera nzuri, huonekana na wote kwa mara moja, herufi kwa herufi, kuliko kupokezana karatasi dhaifu mkononi. Mtaalamu aliye Zanzibar au Mombasa, ambaye hangeweza kuja kwetu kwa siku moja, amewahi kujibu maswali ya wanachuo wangu kwa saa nzima. Hayo ni manufaa, na mimi nayashukuru. Lakini mgeni anayekuja kutia chumvi si mpishi, na nyumba haiwezi kula chumvi peke yake.

Hoja ya tatu yapo jikoni, mahali chakula hiki kinapopikwa. Tunaambiwa darasa la video lilianzishwa kwa huruma juu ya wanachuo wa mbali. Kama ni huruma, mbona halikufuatwa na wahadhiri? Kampasi ikikosa mtu mwenye shahada ya uzamivu katika fasihi, zamani ilikuwa aibu, na aibu ilimsukuma mkubwa kuajiri. Leo hununuliwa kamera, na aibu imepata pazia. Kamera haidai pensheni, haiombi likizo ya uzazi, haiendi masomoni, wala haisimami katika baraza kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mwanachuo wa mbali hulipa ada kamili kama mwenzake aliye karibu na mwalimu, hununua bando kwa fedha yake siku intaneti ya chuo inapolala, na kwa ada hiyo hupata nusu ya darasa. Rahisi ni ghali, na ughali huu analipishwa yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Liko na jambo la kurekodi. Masomo yetu hurekodiwa, nasi huambiwa ni kwa faida ya aliyekosa kipindi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini hakuna aliyetuandikia ni nani mwenye sauti hiyo mwaka ujao, na mwaka baada ya huo. Mwalimu aliyerekodiwa hazeeki, hastaafu, hagomi na hajibu swali. Ipo siku mhesabu fedha ataona kwamba mwalimu wa namna hiyo anatosha, na siku hiyo kijana mwenye shahada mpya ya uzamivu atakuta kiti kimekaliwa na kivuli.

Watanijibu kwamba wahadhiri ni wachache. Ni kweli kwamba ni wachache, na kwa njia hii watakuwa wachache milele. Mhadhiri halei mwingine kwa hotuba. Humlea kwa kumpa kitabu kutoka rafu yake, kwa kumwita ofisini jioni, kwa kumwachia darasa la mwaka wa kwanza na kuketi nyuma akimtazama. Kampasi isiyokuwa na mlezi haizai mlezi. Itaazima sauti ya wengine mwaka hata mwaka, kama nyumba inayoazima moto kwa jirani kila alfajiri na haijifunzi kuwasha.

Hoja ya nne ni fupi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika bahari iliyo baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kwa siku kadhaa katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za upande wetu. Sauti ya mwalimu aliye nchini kumwendea mwanachuo aliye nchini huweza kuzunguka kwanza katika mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo, na ng'ambo ikikatika nao wamekatika. Sisemi kwamba chombo chenye kuharibika kisitumiwe. Basi pia huharibika. Nasema kwamba kampasi yenye mwalimu wake ingeendelea siku hiyo kwa chaki na ubao, na kampasi yenye kamera peke yake ilifunga mlango.

Sasa nimjibu mpinzani wangu aliye bora kuliko wote. Huyo si mkubwa wa chuo, bali ni mwanachuo. Ataniambia hivi: "Mimi ni mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule wilayani. Siwezi kuacha kazi na kuhamia mjini kwa miaka miwili. Kioo chako unachokilaumu ndicho kilichonifungulia uzamili. Heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi." Maneno haya nayaheshimu, kwa sababu mwenye kuyasema ni mtu wa kweli na haja yake ni ya kweli. Lakini sikia anachokisema. Anasema kwamba alipewa kuchagua baina ya kioo na kukosa kabisa. Nani aliyemwekea mbele mambo hayo mawili tu? Mtu aliyenyimwa chakula husifu makombo, na sifa yake si ushahidi kwamba makombo ni chakula. Ni ushahidi juu ya yule aliyemnyima. Mimi sitaki kumnyang'anya kenda yake. Nataka apewe ile moja aliyobakiziwa.

Nayo si ngumu kupewa. Kwanza, kila kampasi inayofungua shahada ya uzamili iwe na mhadhiri mmoja wa somo hilo anayeishi hapo, na bila ya huyo shahada isifunguliwe. Pili, darasa zima likutane mahali pamoja majuma mawili mwanzoni mwa muhula na juma moja mwishoni, wakati wa likizo za shule, ili hata yule mama wa watoto watatu aweze kufika. Na nauli na malazi vitoke katika fedha inayodaiwa kuokolewa kwa video. Tatu, mhadhiri asisomeshe kila siku kutoka makao makuu. Azunguke, na kila kampasi ipate zamu yake ya kuwa chumba chenye mwalimu, ili na hao watano wa mjini waonje siku moja kuwa mraba mweusi. Nne, kazi yoyote yenye wimbo, ngoma au utambaji isitolewe alama kwa njia ya kioo. Tano, yawepo maandishi kwamba somo lililorekodiwa ni mali ya mwalimu na wanachuo waliomo, wala halitatumiwa mahali pa mwalimu aliye hai. Chuo kitakachotimiza mambo haya na kitumie video kipendavyo, nami nitakuwa wa kwanza kuketi mbele ya kamera yake.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ujinga ni nyoka wa zamani na anajua njia zote za nyumba. Haogopi picha ya fimbo. Mwanachuo yule wa kinu na mchi sasa anaandika tasnifu yake. Dai lake likisimama, vitabu vyetu vya mizani vitahitaji sura mpya, nasi tuliovisomesha tutahitaji unyenyekevu. Kampasi yake haijapata mhadhiri wa fasihi hadi leo. Mimi ndimi msimamizi wake, na ninamsimamia kwa kioo, kila Alhamisi saa kumi jioni. Kila tunapoanza huniuliza kama nasikia. Namjibu kwamba nasikia, na kila mara najua kwamba nimemjibu zaidi ya ninavyojua.